Eneo la 7 ni wapi? Niliyojifunza katika ufundi wa mifumo ya ulinzi

Kengele iliyonifundisha kazi yangu kuliko mkufunzi yeyote ililia saa tisa kasorobo usiku, na mimi sikuisikia kwa masikio bali niliiona kwenye skrini. Nilikuwa zamu ya usiku katika kituo cha ufuatiliaji, ambako ishara za kengele za majengo ya wateja hupokelewa, ukiwa ni mwezi wangu wa pili tangu niache kazi ya kufunga mifumo, mstari mmoja mwekundu ulipojitokeza: msimbo 130, yaani uvamizi, eneo la 7. Nikampigia simu mwenye jengo. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa ghafla, akauliza swali ambalo kila mteja huuliza: "Ni wapi hasa?" Nikafungua kumbukumbu zake ili nimwambie kama ni dirisha la stoo au mlango wa nyuma, nikakuta pameandikwa "Eneo 7", basi. Yeye hakujua eneo la 7 ni lipi, wala mimi sikujua. Nikafungua ukurasa wa taarifa za ufungaji ili nimpate fundi wa kumlaumu, na hapo nikakutana na jina langu.

Mfumo ule niliufunga mwenyewe miezi kadhaa kabla ya usiku huo, na nilijivunia unadhifu wake: nyaya zilikuwa zimenyooka, masanduku yamekaa sawa ukutani, na kila kihisi kilikuwa kimepimwa. Nilichoruka ni kuyaandika majina ya maeneo, kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia na kwa fundi aliyesimama mbele ya paneli iliyo wazi, yaani sanduku ambamo nyaya za vihisi vyote hukutana, namba 7 inajieleza yenyewe. Kwa mtu aliye mbali, mwenye simu sikioni na sekunde chache za kuamua, namba hiyo haina maana yoyote. Mlinzi aliyetumwa alilazimika kulizunguka jengo zima na tochi, mpaka alipokuta dirisha dogo la chooni likipigapiga kwa upepo.

Naeleza kisa hiki kwa sababu vijana wanaotaka kuingia katika fani hii huniuliza mara kwa mara wachague lipi, mafunzo ya kufunga mifumo au mafunzo ya kuifuatilia, na vyuo vingi huyatangaza kama kozi mbili zisizojuana: moja ya watu wa bisibisi na ngazi, nyingine ya watu wa kiti na skrini. Mimi nimekaa pande zote mbili, na sasa nafundisha. Naamini kwamba huu ni ufundi mmoja, na kwamba sehemu kubwa ya makosa ninayoyaona kazini hutokana na kuugawa mapema mno, kabla mwanagenzi hajajua anachokifanya upande mmoja kinafika vipi upande wa pili.

Mgawanyo wenyewe ni wa zamani. Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani alipata hataza ya kengele ya wizi inayotumia umeme mwaka 1853, na kengele yake ilikuwa ya kumwamsha mwenye nyumba aliyelala papo hapo. Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo mwaka 1857, na baadaye akaanza kuunganisha majengo ya wateja wake kwa nyaya hadi kituo kimoja ambako watu walikaa wakisubiri ishara. Tangu hapo anayefunga na anayesikiliza wamekuwa watu wawili, na katikati yao umekuwapo waya ambao hubeba mambo machache sana kuliko wote wawili wanavyodhani.

Nianze na upande wa ufungaji, kwa kuwa ndiko nilikoanzia. Wiki tatu za mwanzo za mafunzo yangu hatukugusa kamera hata moja. Tulipewa betri, waya, rezista (vipande vidogo vinavyoukinza mkondo wa umeme) na mita ya kupimia umeme, tukalalamika kwa sababu tulikuwa tumekuja kujifunza mitambo ya kisasa na si hesabu za volti, ampea na omu ambazo tuliziacha darasani. Leo nikiulizwa ni sehemu gani ya mafunzo ningeirudia mara mbili, nitataja hiyo.

Chukua kihisi cha mlango. Ndani yake kuna swichi ndogo ambayo sumaku huifunga mlango ukiwa umefungwa, na ambayo huachia mlango unapofunguliwa. Ukiiunganisha na paneli kwa waya mtupu, paneli itajua mambo mawili tu, kwamba umeme unapita au haupiti, na mwizi anayezijua nyaya anaweza kuzikutanisha njiani kabla hazijafika kwenye swichi, paneli ikaendelea kuamini kwamba mlango umefungwa ilhali uko wazi kabisa. Kwa sababu hiyo fundi huweka rezista mbili ndani ya kihisi chenyewe, moja mfululizo na swichi, nyingine sambamba nayo. Kila rezista ikiwa ya omu 4,700, paneli husoma omu 4,700 mlango ukiwa umefungwa, omu 9,400 ukiwa wazi, sifuri nyaya zikikutanishwa, na saketi iliyo wazi kabisa zikikatwa. Kwa waya zilezile mbili unapata majibu manne badala ya mawili, na mawili kati ya hayo yanakwambia kwamba kuna mtu anachezea mfumo.

Sasa, rezista hizo ni ndogo, na kuziunganisha juu ya ngazi mkono mmoja ukiwa umeshika kihisi ni usumbufu. Fundi mvivu huziweka ndani ya sanduku la paneli, ambako ana nafasi na mwanga. Mfumo utapita majaribio yote: mlango ukifunguliwa king'ora kitalia, na paneli haitaonyesha kasoro yoyote. Lakini kebo yote iliyo kati ya paneli na kihisi imebaki bila ulinzi, kwa kuwa mtu akizikutanisha nyaya popote njiani, paneli itaendelea kusoma omu 4,700 zilizo ndani ya tumbo lake yenyewe. Nimeyakuta makosa haya katika majengo ambayo wenyewe walilipia mifumo ya gharama kubwa, na hakuna chombo kilichokuwa kibovu. Kilichokosekana ni mtu aliyeelewa kwa nini rezista ipo.

Upande wa pili wa waya huo, mtu wa skrini ambaye hakupitia somo hili huona ishara ya "kuchezewa" ikiingia saa nne asubuhi, jengo likiwa limejaa wafanyakazi na mfumo haujawashwa, akaiandika kuwa hitilafu ya kiufundi na kuendelea na mengine. Mchana, mlango ukiwa wazi kwa kila mtu, ndio wakati ambao mtu anayepanga kurudi usiku anaweza kuifikia kebo bila kutiliwa shaka. Mwangalizi aliyewahi kuzikata nyaya mwenyewe karakanani na kuona namba zikibadilika kwenye mita hataipuuza ishara ile kwa urahisi.

Somo la pili lililonikaa ni la kamera inayofanya kazi mchana na kufa usiku. Mteja mmoja alinipigia mara tatu kwa tatizo hilo, na mara tatu nilifika mchana nikakuta picha safi, nikafuta vumbi kwenye lenzi, nikaondoka. Mara ya nne nilikwenda jioni na mita yangu. Kamera ilikuwa umbali wa mita 60 kutoka kwenye chanzo cha umeme wa volti 12, kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Waya huo una ukinzani wa takriban omu 0.034 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, urefu unaohesabika ni mita 120, yaani zaidi kidogo ya omu 4. Mchana kamera ilikuwa ikivuta umeme kidogo na upotevu haukuonekana, lakini giza lilipoingia taa zake za infraredi, za kuonea gizani, ziliwaka, mkondo ukapanda hadi karibu nusu ampea, volti 2 zikapotelea njiani, na kamera ikabaki na volti 10 ambazo hazikuitosha. Ikajizima, taa zikazimika, volti zikapanda, ikawaka tena, ikajizima tena. Dawa yake ilikuwa waya mnene zaidi, na hesabu ya kulijua hilo kabla ya kuchimba ukuta haizidi mistari mitatu kwenye karatasi.

Siku hizi kamera nyingi hupata umeme na kupitisha picha kwa kebo moja ya mtandao, na wanafunzi hudhani kwamba hesabu hizi zimekufa. Hazijafa, zimebadilisha sura. Kebo hiyo ina ukomo wa mita 100, kiwango cha IEEE 802.3af cha mwaka 2003 huruhusu swichi ya mtandao, yaani kifaa ambacho kebo hizo huchomekwa, kutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na kile cha 802.3at cha mwaka 2009 huruhusu wati 30. Mtu anayenunua swichi yenye matundu 16 asisome jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa, atashangaa kuona kamera ya kumi na moja haiwaki.

Vihisi vya mwendo navyo vina tabia zao, na fundi asiyezijua huwatengenezea watu wa skrini usiku mrefu. Kihisi cha kawaida hakitoi mionzi yoyote. Hutazama tu joto la infraredi, na lenzi yake huugawa uwanja wa mbele katika vipande kama vidole vilivyotandazwa. Kitu chenye joto kinapotoka kipande kimoja kwenda kingine, kihisi hushtuka. Maana yake ni kwamba humwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake na humwona kwa shida anayekuja moja kwa moja kukielekea, kwa hiyo kukiweka ukutani kikitazamana uso kwa uso na mlango, jambo ambalo kila anayeanza hulifanya kwa kuwa linaonekana la busara, ni kukipunguzia uwezo wake. Kikielekezwa dirishani, jua litakisumbua. Kikiwekwa juu ya kifaa kinachotoa hewa ya moto, kitalia bila mgeni.

Kuhusu kamera nitasema jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalowaudhi wateja kuliko yote: picha ipo, lakini sura haionekani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilipima jambo hili kwa idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha, katika kila mita ya mandhari: 25 zinatosha kugundua kwamba kuna mtu, 125 kumtambua mtu unayemfahamu, na 250 kumbainisha mtu ambaye hujawahi kumwona. Kamera yenye upana wa pikseli 1,920, ukigawa kwa 250, inaweza kubainisha sura katika upana wa mita 7.68 na si zaidi. Anayeiweka kamera hiyo ilinde eneo la kuegesha magari lenye upana wa mita 40 amepata pikseli 48 kwa kila mita, na siku ya tukio atakuwa na video nzuri ya kivuli kinachotembea. Nawataka wanafunzi wangu wafanye mgawanyo huu mbele ya mteja, kabla ya kuuza chochote. Hesabu ya diski nayo ni ya aina hiyohiyo: kamera inayotoa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43.2 kwa siku, kwa hiyo kamera 8 kwa siku 30 zinahitaji zaidi ya terabaiti 10, na mteja aliyeahidiwa mwezi mzima wa kumbukumbu kwenye diski ya terabaiti 2 amepewa siku zisizofika 6.

Milango inayofunguliwa kwa kadi ndiyo sehemu ya mafunzo ambayo simruhusu mwanafunzi aifanyie mzaha. Kufuli la sumaku huushikilia mlango kwa nguvu ya umeme, na umeme ukikatika mlango unaachia. Lipo kufuli jingine ambalo umeme ukikatika hubaki limefungwa. Fundi anayetazama wizi peke yake atalipenda la pili kila mahali. Lakini kwenye njia ya kutokea wakati wa moto, mtu aliye ndani lazima aweze kutoka bila kadi, bila ufunguo na bila kumwomba mtu yeyote, na kufuli la sumaku lililowekwa hapo lazima liachie mara tu kengele ya moto inapolia. Mali iliyoibwa hutafutwa, uhai uliopotea haurudi. Nimewahi kukataa kukabidhi kazi kwa sababu ya mlango mmoja wa namna hii, msimamizi wangu akakasirika, na ningefanya hivyo tena.

Nyenzo hizi zote sasa zimeingia kwenye mtandao, na mafunzo ambayo hayafundishi angalau misingi ya anwani za mtandao, ruta na nywila yamepitwa na wakati. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa kujaribu tu orodha ya jozi zaidi ya 60 za majina ya watumiaji na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitoa huduma ya kuelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hata tovuti kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Vifaa vilivyotakiwa kulinda vikageuka silaha, kwa sababu nywila zake za kiwandani ziliachwa vilevile.

Sasa nije kwenye kiti na skrini, ambako wengi hudhani hakuna la kujifunza zaidi ya kukesha. Kazi huanza na lugha. Ujumbe wa mfumo uitwao Contact ID, ambao ulibuniwa kwa ajili ya laini za simu na bado unatumika kupitia intaneti, hubeba namba ya akaunti ya tarakimu 4, msimbo wa tukio wa tarakimu 3, kundi la tarakimu 2 na eneo la tarakimu 3. Msimbo 110 ni moto, 120 ni kitufe cha dharura, 130 ni uvamizi, 301 ni umeme mkuu kukatika, 302 ni betri kushuka, 602 ni ripoti ya majaribio ya mara kwa mara. Angalia kwamba katika ujumbe huo hakuna nafasi ya jina. Maneno "dirisha la chooni" hayasafiri kwenye waya. Lazima fundi ayaandike na kuyapeleka kituoni kabla mfumo haujaanza kazi, la sivyo mwangalizi atapokea namba 7 kama nilivyoipokea mimi. Nilifunga mifumo kwa miaka mingi bila kuujua ukweli huu mdogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha ujumbe wangu ukiwasili.

Msimbo 121 unahitaji maelezo. Huo hutumwa pale mtumiaji anapozima mfumo kwa namba maalumu inayomaanisha kwamba ametishiwa na analazimishwa kuuzima. Kwa aliye pembeni yake kila kitu kinaonekana kuwa shwari, na mwangalizi asiyefundishwa akipiga simu na kuuliza, "Je, umetekwa?", anaweza kumletea maafa. Katika mafunzo mazuri mazungumzo haya huigizwa tena na tena: mwanafunzi mmoja ni mteja anayetetemeka, mwingine ni mwangalizi, na wa tatu anajifanya mwizi anayesikiliza. Huigizwa pia simu ya mtu anayelia, ya mtu anayetukana, na ya mtu mpole mno anayejua jina la mteja lakini hajui neno la utambulisho. Huyu wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote, maana tabia njema inatusukuma kumwamini.

Halafu kuna suala la macho. Mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha mwaka 1948 majaribio aliyoyafanya kwa kutafuta sababu ya waendeshaji wa rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kukosa alama walizopaswa kuziona. Aliwakalisha watu mbele ya mshale uliozunguka kwa hatua ndogo zilizolingana, na mara chache mno mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi yao ilikuwa kuuona mruko huo. Katika nusu saa ya kwanza tu, uwezo wao wa kuugundua ulishuka kwa kiasi kinachoonekana. Mwajiri anayemweka mtu mmoja mbele ya skrini 16 kwa saa 12 na kumtarajia aone kila kitu amepingana na jambo lililojulikana zamani, na chuo kinachowafundisha waangalizi wake "kuwa makini" bila kuwafundisha kupanga zamu, kubadilishana nafasi na kutumia vihisi viwaelekeze pa kutazama, kimewapa nasaha badala ya ufundi.

Mzigo mkubwa zaidi wa kiti hicho, hata hivyo, ni kengele za uongo. Tafiti za polisi nchini Marekani zimerudia kuonyesha kwamba zaidi ya kengele 9 katika kila 10 za wizi zinazowaita askari hazina mwizi. Jiji la Salt Lake City lilifika mahali ambapo, mwaka 2000, lilibadilisha utaratibu wake ili polisi wasiende kwenye kengele ya wizi mpaka mtu aliyepo athibitishe kwamba kuna dalili za uvamizi. Vituo vingi sasa hupiga simu angalau kwenye namba mbili tofauti kabla ya kuomba msaada, na vingine hutazama kamera kwanza. Ukizifuata kengele za uongo hadi kwenye chanzo, utakuta kihisi kilichotazamishwa dirishani, mlango uliolegea ambao sumaku yake imekaa mbali, betri iliyochoka, au mtumiaji ambaye hakuelekezwa jinsi ya kuuwasha mfumo anapotoka. Karibu yote hayo ni kazi ya mfungaji. Anayeamshwa nayo ni mtu wa skrini, na baada ya miezi michache ya kuamshwa bure hujifunza kutoamini chochote. Hapo ndipo kengele ya kweli humpita.

Mambo ya sheria niyapitie haraka, kwa kuwa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Sehemu nyingi hutaka leseni ama kwa kampuni ama kwa mtu mmojammoja, na waajiri wengi huchunguza kumbukumbu za jinai, jambo lisilopaswa kumuudhi mwombaji, kwani atakuwa anajua udhaifu wa majengo ya watu. Nchini Uingereza, kwa mfano, anayeajiriwa kwa mkataba wa ulinzi kuangalia kamera za maeneo ya umma huhitaji leseni ya mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2001. Faragha nayo ni somo la fundi, si la mwanasheria pekee: mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la raia wa Jamhuri ya Cheki aitwaye František Ryneš, kwamba kamera ya nyumbani inayopiga picha hadi barabara ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa shughuli ya kifamilia tu isiyoguswa na sheria ya kulinda taarifa za watu. Nyuzi chache za kugeuza kamera upande huu au ule zinaweza kumtia mteja wako matatani, na aliyeshika bisibisi ni wewe.

Anayeniuliza achague chuo gani simtajii jina. Namwambia aende akaulize mambo ambayo hayako kwenye tangazo. Je, karakana ina kuta za kutobolewa na dari za kupandwa, au ina meza zenye vifaa vilivyokwisha kuunganishwa? Wanafunzi wangapi hutumia mita moja? Ni saa ngapi za kutafuta hitilafu, tofauti na saa za kufunga kitu kipya kinachofanya kazi tangu kitoke kwenye boksi? Je, mwanafunzi wa ufungaji hupelekwa kukaa zamu nzima katika kituo cha ufuatiliaji, na wa ufuatiliaji hupandishwa ngazi angalau kwa wiki moja? Chuo kikikujibu swali hili la mwisho kwa kushangaa, umepata jibu lako. Uliza pia kama kozi yao inahusu chapa moja tu ya vifaa. Mafunzo ya watengenezaji ni mazuri na mara nyingi ni mafupi, lakini yanafaa kuja juu ya msingi, kwa kuwa menyu za vifaa hubadilika na sheria ya Ohm, ile ya volti, ampea na omu, haibadiliki. Vyeti vina thamani yake; nchini Marekani, taasisi ya NICET huwapima mafundi wa kengele za moto kwa ngazi nne ambazo hazipandwi kwa kusoma peke yake, kwani huhitaji uthibitisho wa kazi iliyofanyika. Ningependa mfumo wa namna hiyo uenee zaidi kuliko vyeti vya siku mbili ambavyo kila mhudhuriaji huondoka navyo.

Mtihani wangu wa mwisho wa vitendo ni mfumo mmoja uliofungwa vizuri ambao mimi nimeupandikizia hitilafu tano, na mwanafunzi ana saa mbili za kuzipata na kuziandikia ripoti. Nne hupatikana na karibu kila mtu: rezista isiyo sahihi, kihisi kilichogeuzwa, maeneo mawili yaliyobadilishana majina, na namba ya akaunti yenye tarakimu moja iliyokosewa. Ya tano ni betri. Huwa naweka ya zamani, ambayo mita hupima volti zake na kuziona sawa lakini haiwezi kubeba mzigo hata kwa dakika kumi. Kwa karatasi, betri mpya ya ampea-saa 7 inayolisha mfumo unaovuta ampea 0.35 inatosha saa 20, na wanafunzi huiandika hesabu hiyo kwa fahari kwenye ripoti zao bila kuuzima umeme mkuu waone kinachotokea.

Katika kundi langu la mwisho, wawili tu waliuzima. Mmoja aliniambia kwamba alipokaa zamu ya usiku kituoni aliona umeme ukikatika mtaa mzima, misimbo ya 301, ya umeme kukatika, ikaingia kama mvua, na baada ya robo saa ile ya 302, ya betri kushuka, ikaanza kuifuata kutoka kwenye majengo yaleyale yaliyokuwa na karatasi za ukaguzi zilizotiwa saini. Wa pili nilimpa alama zake pia, ingawa alikiri kwamba alikuwa ameikanyaga kebo.